Risala ya Klabu ya Urithi na Miliki Bunifu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mdahalo wa Sheria, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa mdahalo,
Wahadhiri wetu,
Wazee wetu na akina mama wa vikundi vya ngoma mliotoka Chamwino na Kondoa,
Wanafunzi wenzetu,

Mbukwenyi!

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunajua Bunge likiwa mjini mtu wa nafasi yako huwa hapati hata muda wa kuonja zabibu, kwa hiyo kufika kwako tumekuhesabu kama zawadi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ni ya wanafunzi wa sheria, wa historia na akiolojia, na wachache wa muziki. Ilianza kama kikundi cha kujisomea wakati wa mitihani, kisha ubishi ukawa mtamu kuliko notisi. Hatuna ofisi, tunakutana katika darasa lolote tunalolikuta wazi. Habari za uongozi na mapato zimo katika taarifa uliyokabidhiwa, hatutakuchosha nazo.

Mada ya leo inauliza kama urithi wa jamii unaweza kulindwa kwa sheria za miliki bunifu. Ugumu wenyewe ni huu. Hakimiliki inamtaka mtunzi mwenye jina, na inataka kujua alifariki lini, kwa sababu kwa Tanzania ulinzi unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyeufikisha muziki wa zeze na ilimba (marimba ya vidole) hadi studio za Real World kule Uingereza, sheria inamwona vizuri: jina lipo kwenye jalada, alifariki 2003, kwa hiyo nyimbo alizozitunga mwenyewe zinalindwa hadi 2053. Sasa tuchukue wimbo wa jando ambao kila mzee aliyeketi hapa aliukuta ukiimbwa. Nani aliutunga, na alizikwa mwaka gani? Mwanasheria akikosa majibu hayo anafunga jalada.

Waliotunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 waliliona pengo hilo. Waliweka sehemu nzima ya sanaa za jadi, kwa kufuata kielelezo kilichoandaliwa na UNESCO pamoja na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani mwaka 1982. Anayetaka kuzitumia sanaa hizo kwa faida, nje ya mazingira yake ya asili, anapaswa kuomba kibali, na kibali hicho kinatolewa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Hapo ndipo mdahalo wetu unapowaka moto. Wenye wimbo wako kijijini, mwenye kalamu ya kibali ni BASATA. Kundi moja linasema dola ndiyo yenye nguvu ya kumbana kampuni ya nje, kijiji hakina wakili. Kundi jingine linauliza kama kuna mtu alimwuliza bibi. Na wapo wanaosema zeze halijui mpaka wa wilaya wala wa mkoa. Ukikipa kijiji kimoja hati, kesho jirani yake atashitakiwa kwa kuimba alichofundishwa na mama yake. Sisi viongozi tunaona hoja hiyo ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na hadi leo haijapata jibu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukitoka nje ya ukumbi huu utakuta mwarobaini, mti uliotoka India ukaja kutupatia sisi kivuli na dawa chungu. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi, ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Wapinzani walipeleka ushahidi kwamba matumizi hayo yalikwishajulikana India kabla ya hapo. Hataza ikafutwa mwaka 2000, rufaa ikatupwa 2005. Miaka zaidi ya kumi kwa jambo ambalo mkulima angeeleza asubuhi moja! Ndiyo maana tuliupokea kwa shauku mkataba uliopitishwa Geneva Mei 2024, unaotaka mwombaji wa hataza aseme rasilimali ya kijenetiki na maarifa ya jadi anayoyategemea yametoka wapi. Haujamaliza kazi, lakini umeliweka swali mlangoni.

Upande wa mambo ya kale tunao mfano hapa hapa mkoani. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanapita 150. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaulizia umri: kilichotengenezwa au kuchorwa na mkono wa binadamu kabla ya 1863 kinalindwa. Twiga mwekundu aliye ukutani, sawa, anapita mtihani huo bila shida. Lakini pale Mungomi wa Kolo Warangi bado wanapanda kutambika, na tambiko la mwaka huu lina umri gani? Mhifadhi anaogopa pombe ikigusa mwamba rangi itaharibika. Mzee anaona kwamba mahali pasipotambikiwa ndipo palipoharibika. Na hapo hatujamgusa mpiga picha anayesimama katikati yao, akampiga picha yule twiga na kuichapa kwenye fulana: hakimiliki ya picha ni yake, ilhali aliyechora twiga hana dai na Kolo haina dai. UNESCO yenyewe, ilipokubali kuiandika Kondoa, ilizitaja mila hizi hai kama sehemu ya thamani ya mahali pale. Sheria yetu ya 1964 haijafika huko, ingawa Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa kulinda urithi usioshikika.

Kuhusu mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, tutasema kidogo tu, maana hakuna mdahalo ambao hajitokezi. Mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, na leo amesimama Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Anayedai arudishwe hupigiwa makofi. Sisi tumegundua kwamba Berlin ni rahisi kuisema kwa sababu iko mbali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lililotufanya tuandike risala hii liko karibu zaidi. Kila mwaka wanafunzi na watafiti wanaingia vijijini kukusanya nyimbo, hadithi na dawa. Akina mama wanabana ngoma ya muheme katikati ya mapaja, kiongozi anatoa sauti, wenzake wanaitikia, mtafiti amenyoosha simu. Kwa sheria ya 1999, aliyetengeneza rekodi ile ana hakishiriki yake, yaani haki ya asiye mtunzi. Lakini na akina mama wanayo ya kwao kama watumbuizaji: haruhusiwi mtu kuwarekodi bila ridhaa yao. Mkataba wa watumbuizaji na rekodi za sauti wa 1996 unawataja waziwazi hata wanaotumbuiza sanaa za jadi. Hapa mtunzi hatafutwi, kaburi halitafutwi. Haki inaanzia kwa mama aliyeshika ngoma. Katika nyenzo zote tulizosoma, hii ndiyo tunayoona ingeweza kufanya kazi kesho asubuhi, na ndiyo inayofundishwa kwa dakika chache kuliko nyingine.

Na ridhaa yenyewe huchukuliwaje? Tumeziona fomu za kurasa tatu, Kiingereza kitupu, na chini kabisa alama ya kidole gumba. Mtafiti anarudi mjini, tasnifu inafungwa jalada gumu, inaingia maktaba. Rekodi inabaki kwenye simu, na simu hiyo mwishowe inauzwa au inaangukia kwenye ndoo ya maji. Mzungu Hugh Tracey alirekodi muziki wa Kigogo mwaka 1950, na kazi yake iko kwenye hifadhi ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Lawama zake anazo. Hata hivyo rekodi zile zina orodha, na hifadhi ile imekwisha kurudisha nakala kwa jamii kadhaa, wakiwemo jirani zetu wa Kenya. Za kwetu tulizorekodi juzi tungetakiwa kuzirudisha, tungezitoa wapi?

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kusukuma haya. Fomu za ridhaa ziandikwe kwa Kiswahili, na msaidizi azisome kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe kabla ya wino kuletwa. Idara isipokee tasnifu yenye rekodi za watu mpaka nakala iwe imefika kijijini; shule ya msingi au ofisi ya kata inatosha, hatudai makumbusho. Somo la miliki bunifu lisiwe la wanasheria peke yao, kwani anayekwenda Kolo na kamera mara nyingi ni mwanafunzi wa historia au wa utalii. Kwa upande wa klabu tunahitaji kifaa kimoja kizuri cha kurekodia na diski za kuhifadhia. Basi la safari hatuombi, daladala tumezizoea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujatujibu, akina mama wa muheme watapiga nyimbo mbili. Tumekaa nao tangu asubuhi tukakubaliana: wimbo wa kwanza mnaruhusiwa kurekodi na kusambaza, mkitaja kikundi na kijiji chao. Wa pili ni wa ndani, simu zote ziwe mfukoni, za meza kuu zikiwemo.

Tunaomba kuwasilisha.