Waliompigia kura Mtemvu: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka Uyole, Mbeya. Mwezi uliopita tulimzika jirani yangu, mzee aliyepiga kura Novemba 1962. Ndiye aliyenieleza kwamba Mwalimu Nyerere aliwahi kuwa na mpinzani wa urais. Aliponieleza nilikuwa nimefundisha historia miaka kumi na moja, na jina la Zuberi Mtemvu sikuwa nimelitamka darasani hata siku moja. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mtemvu alikuwa mwana-TANU. Januari 1958 chama kilikutana Tabora kuamua kama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mwalimu akawashawishi wajumbe waingie. Mtemvu akakataa, akatoka, akaanzisha African National Congress, msimamo wake ukiwa Afrika ni ya Waafrika. Mkutano ule tunauita Uamuzi wa Busara, na jina hilo wamelitoa walioshinda hoja. Nakubali ulikuwa wa busara. TANU ilishinda na uhuru ukaja. Ila hofu ya Mtemvu haikuwa ya mpuuzi. Huku kwetu walowezi walikuwepo, na Ivor Bayldon wa Nyanda za Juu Kusini ndiye aliyeongoza United Tanganyika Party (UTP), chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining. Mtu wa Mbeya aliyeambiwa lazima Mzungu naye apewe kura alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini.

ANC haikupata kiti mwaka 1960. Miaka miwili baadaye Mtemvu akagombea urais, akapata kura 21,276 dhidi ya zaidi ya milioni 1.1 za Mwalimu. Mwaka 1963 akarudi TANU, na 1965 katiba ikaweka chama kimoja. Tangu hapo Mtanzania hakuona tena wagombea urais wakishindana hadi 1995.

Hao 21,276 hawakuwa wasaliti, Ndugu Mkurugenzi. Walikuwa raia wa nchi changa waliokwenda kituoni na kusema wanaona vingine. Jirani yangu alimpigia Mwalimu, lakini rafiki yake wa Tukuyu alimpigia Mtemvu, kisha akakaa nalo moyoni mpaka kaburini, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Ombi langu ni hili: leteni watu wenye vinasa sauti Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa, mwaka huu. Aliyekuwa na miaka 21 wakati ule sasa amevuka 80. Waulizeni kura tatu ilikuwaje, nani alipita vijijini kuomba kura, nani alikatazwa kusema. Waombeni pia kadi za chama na barua zilizolala kwenye masanduku ya bati, kabla wajukuu hawajazichoma wakisafisha nyumba. Kwa wazee wasiozoea Kiswahili cha ofisini, walimu wastaafu tupo wa kutafsiri Kinyakyusa, Kihehe na Kibena, na hatutadai posho.

Mimi ninazijua nyumba nne za kuanzia, tatu ziko Rungwe. Mvua zikikatika, barabara zake zinapitika.

Ndaga fijo (asante sana),
Mwalimu mstaafu wa historia, Uyole