Anayeacha sigara aambiwe pia habari ya uzito

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo makala za afya hulipita kimya kila zinapowahimiza watu kuacha sigara, nalo ni unene unaomjia mtu akishaacha.

Nilivuta sigara kwa miaka 22, mingi kati ya hiyo nikiendesha lori kati ya Mombasa na Kampala, na nimeacha mara mbili. Mara ya kwanza nilidumu miezi minne tu. Katika muda huo suruali zangu zilikataa kufunga, mshipi nikautoboa tundu jipya kwa msumari, na majirani hapa Tororo, Uganda, wakawa wananipongeza kwamba pesa zimeingia, maana kwetu anayetiliwa shaka ni yule aliyekonda. Mimi sikufurahi. Nilipanda mzani wa zahanati nikakuta nimeongeza kilo 6, nikajisemea heri sigara kuliko kitambi, nikaenda kibandani kununua moja. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini muuzaji hakusita, wala mimi sikumkumbusha. Mhudumu aliyenishauri kuacha hakuwa amenidokezea lolote kuhusu uzito, na laiti angalinionya, nisingalishtuka kiasi kile.

Sababu yenyewe nilikuja kuielewa baadaye. Nikotini hupunguza hamu ya kula na huufanya mwili utumie nguvu nyingi zaidi hata ukiwa umepumzika. Ikishaondoka, njaa hurudi, pua na ulimi huanza tena kunusa na kuonja sawasawa, na mkono uliozoea kupeleka kitu mdomoni hutafuta kingine cha kupeleka. Wangu ulipata mandazi, soda na ile chapati ya mayai ya kando ya barabara tunayoiita roleksi, ambayo nilikuwa nikila mbili kabla ya saa nne asubuhi. Kwa wastani, anayeacha huongeza kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, nyingi zikija ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, ingawa wapo wasioongeza kitu na wachache hata hupungua. Madhara ya kilo hizo hayakaribii madhara ya kuendelea kuvuta.

Mara ya pili sikujinyima chakula, kwa kuwa kushindana na njaa na kiu ya sigara kwa pamoja kungenishinda. Posho, yaani ugali, na maharage niliendelea kula kama kawaida. Nilichoacha ni soda, na sukari ya chai nikaipunguza kutoka vijiko vinne hadi kimoja. Katika mfuko wa shati uliokuwa wa pakiti nikaweka vipande vya karoti, hata watoto wa mtaani wakanipa jina la Sungura, ambalo ninalo hadi leo. Jioni, saa ile niliyozoea kuvuta sigara tatu mfululizo, nilitembea hadi chini ya Mwamba wa Tororo na kurudi. Niliongeza kilo 3, sikuzijali, na sasa ni mwaka wa tano sijavuta.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wako wa afya, pamoja na wahudumu wanaosoma gazeti hili, wamtajie mtu kilo hizo siku ileile wanayomwambia aache.

Dereva mstaafu,
Tororo