Ruti za mtoni na za pwani: tuandikieni na upepo

Mhariri,

Naandika kuhusu zile makala za ruti za baiskeli mnazotoa, hasa za kando ya mito na za pwani, nazisoma zote na nazipenda lakini kuna kitu kinakosekana kila mara na kinaumiza watu. Mnaandika kilometa, mnaandika jumla ya mita za kupanda, mnasema lami ikoje, halafu mnamalizia kwamba ruti ni rahisi inamfaa hata anayeanza kwa vile ni tambarare. Upepo hamuutaji kabisa. Na kwenye mto mpana au barabara ya ufukweni upepo ndo mlima wenyewe jamani, tena mlima usio na kilele, hakuna mahali utafika juu upumue halafu uteremke, unakanyaga tu na gia ya kupandia wakati barabara iko flati mbele yako mpaka macho yanapoishia.

Tupige hesabu kidogo. Siku ambayo haina upepo ukienda kilometa 25 kwa saa, hewa inakupiga kwa 25. Ukija upepo wa mbele wa 25, hewa inakupiga kwa 50, na wengi wanadhani hapo ugumu umeongezeka mara mbili. Hapana, ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ni mara 4. Hakuna mtu wa kawaida anayeweza kuongeza nguvu kiasi hicho, atapunguza mwendo tu. Na ile ya kusema si atafidia wakati wa kurudi, haifidii! Chukua kilometa 30 kwenda na 30 kurudi, kwenda upepo uko usoni unatembea 15 kwa saa, hayo masaa mawili, kurudi unasukumwa unatembea 30, saa moja. Wastani wa safari nzima ni 20, na muda uliokaa kwenye mateso ni mara mbili ya muda wa raha. Mtu anayeanza akipitia hivyo anajiona hana uwezo, kumbe ruti tu alipewa nusu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba upepo wa sehemu hizi mara nyingi unatabirika. Pwani kukiwa na jua, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda na ya baharini inaingia kuchukua nafasi, unaanza kuusikia kwenye saa tano hivi, saa nane saa tisa alasiri ndo uko kwenye nguvu zake, jua likienda kuzama unalegea, usiku unageuka kuelekea baharini. Sasa weka hapo mto unaoingia baharini. Bonde linaukusanya ule upepo na kuupandisha juu kufuata mto, kwa hiyo yule aliyeambiwa "teremka na mto mpaka baharini, ni mteremko mwanana" akichelewa kuondoka anakutana nao usoni kilometa zote za mwisho, na mteremko wa mto wa tambarare ni mdogo sana haumsaidii chochote. Ruti ileile ukiondoka alfajiri ukashuka na mto, ukapumzika pwani, ukarudi alasiri, upepo unakusukuma mgongoni mpaka nyumbani. Sentensi mbili tu zingetosha kuandika hilo.

Ruti ndefu zenye majina nazo ni hivyohivyo. Ile ya Danube kati ya Passau, Ujerumani, na Vienna, Austria, kama kilometa 320, watu wengi wanaifuata kushuka na mto, na kule upepo uliozoeleka ni wa magharibi kwa hiyo mto na upepo vinaenda pamoja, ndo maana kila mtu anaisifia. Njoo Loire, Ufaransa, kwenye La Loire à Vélo yenye kama kilometa 900. Mto unaelekea Atlantiki, upepo unatokea hukohuko Atlantiki, so anayeshuka na mto akidhani kachagua njia rahisi ndo anayeumia, na wanaoijua vizuri wanaanzia baharini wanapanda kuelekea mashariki. Pwani ya Pasifiki ya Marekani vilevile, majira ya joto upepo unatoka kaskazini magharibi, ndo sababu waendesha baiskeli wengi wanatoka kaskazini kwenda kusini.

Na kuna faida nyingine wanapata hao wa Pasifiki ambayo makala zenu huwa mnairuka. Marekani wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo ukienda kusini bahari iko upande wako, hakuna leni ya magari katikati yako na maji, unaona kila kitu na ukitaka kusimama unaingia pembeni bila kukatiza barabara. Nchi ya kuendesha kushoto inakuwa kinyume, weka maji kushoto kwako. Japani wanaendesha kushoto, na ndo maana ziwa Biwa, kama kilometa 200 kulizunguka, wanashauri uzunguke kinyume na saa. Uelekeo wa ruti unabadilisha safari nzima, kuandika tu "kutoka A hadi B" bila kusema kwa nini si B hadi A ni kumwacha msomaji abahatishe.

Upepo wa ubavuni nao msiusahau, huu ndo naouogopa kabisa. Wa mbele unachosha, wa ubavuni unaangusha. Ukiwa darajani au lori kubwa likikupita, linakukinga upepo sekunde moja halafu linakuachia ghafla, unasogea mpaka katikati ya leni bila kupenda, na mwenye rimu za kina kirefu zinazoshika upepo ndo kabisa. Kwenye kundi, upepo wa mbele mnajificha nyuma ya mwenzenu mkiwa mstari mmoja, wa ubavuni inabidi mkae mshazari, lakini barabara yenye magari haina nafasi hiyo, wa mwisho wanabaki wazi. Kando ya mito yenye matuta ya kuzuia mafuriko mara nyingi kuna njia mbili, ya juu ya tuta yenye mandhari na ya chini nyuma yake yenye kinga, na makala karibu zote zinatupeleka juu. Tajeni zote mbili, siku ya upepo ile ya chini inaokoa safari.

Ombi langu basi, kila ruti ya mtoni au pwani mnayochapisha iwe na mstari wa upepo: kwa kawaida unatoka wapi kwa majira gani, saa ngapi unaanza kukaza, na mwandishi mwenyewe aliiendesha kuelekea wapi na saa ngapi. Kama ruti inafaa uelekeo mmoja tu, semeni hivyo wazi, na mtuambie kule mwisho kuna treni au boti inayopokea baiskeli, ili mtu asilazimike kurudi akipambana na upepo uleule uliomsukuma kwenda.

Msomaji wenu wa siku nyingi, mwendesha baiskeli