Risala ya kikundi cha wazee wa Ujiji kwa mgeni rasmi, Siku ya Wazee Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, mtendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa, mashekhe wetu na wachungaji, mganga mfawidhi na wauguzi mliofika, wazee wenzangu na wajukuu zetu wa shule mliotuchezea ngoma, asalam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa walionizidi umri shikamooni.

Kwanza tunamshukuru Mungu kutufikisha leo tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990 iwe ya wazee, na pili tunakushukuru wewe mgeni wetu kwa kukubali kuja mpaka huku Ujiji maana tunajua ratiba yako ndefu na jua la leo mwenyewe umeliona. Karibu sana, migebuka ipo na mawese yapo, hutoki hapa na njaa.

Kikundi chetu kilianza na wazee wachache waliokuwa wanakaa chini ya mwembe baada ya swala ya alasiri, tukawa tunachangiana misiba, baadae tukasema mbona tunachangiana kwenye kufa tu na kuishi je, ndo tukaenda kujiandikisha. Mafanikio ni makubwa sana mheshimiwa. Tuna viti vyetu wenyewe na hicho ulichokalia ni kimojawapo, tuna turubai, tuna mfuko wa kuzikana ambao haujawahi kukauka, tuna mradi wa kuku wa kienyeji, na miti ya matunda tuliyopanda kando ya barabara ya kushuka ziwani mingi imeshika. Ni kikundi cha kuigwa Kigoma nzima na tunalisema hilo bila kuona haya.

Historia naomba iishie hapo, maana tumekuita kwa jambo moja na tusingependa muda uishe kabla hatujalisema. Tunaomba zahanati yetu iwe na siku moja kila mwezi ya kuwapima wazee udhaifu wa uzee.

Presha na sukari tunapimwa na tunashukuru. Sisi tunasema ile hali ya mtu kuisha kidogo kidogo mbele ya macho ya watu, anapungua kilo bila kupenda, anachoka na hajafanya kazi yoyote, mkono unakosa nguvu hata ya kufungua kidumu cha mawese, mwendo unakuwa wa taratibu, mwisho anaacha kutoka nje. Wataalamu wanazihesabu hizo kama dalili 5, ukiwa na 3 au zaidi basi udhaifu umeshaingia, ukiwa na 1 au 2 uko njiani, na aliyeko njiani akiwahiwa kwa mazoezi na chakula anaweza kurudi. Asipowahiwa ndo hapo malaria tu au kuharisha siku mbili kunamlaza na akiinuka si yule tena. Na ukienda kujieleza kwamba unachoka, jibu tunalolijua wote tuliokaa hapa ni "huo ni uzee tu bibi", unapewa vidonge vya maumivu unarudi nyumbani.

Naomba nimtaje bibi mmoja wa mtaa wetu, jina naliacha. Huyu bibi kliniki ya presha hakukosa, kadi yake imejaa mihuri. Sisi majirani tuliona khanga inayomzunguka mara moja sasa inamzunguka karibu mara mbili, tuliona ukuta wa kwenda chooni una alama za kiganja chake maana alikuwa anaushika kila hatua, na kila akisimama anasema kizunguzungu. Pale kwenye kiti presha ilisomeka nzuri akapongezwa, akaongezewa siku za dawa zile zile. Hakuna aliyempima akiwa amesimama, maana presha ya mzee inaweza kuwa nzuri amekaa na ikashuka akinyanyuka, na dawa zenyewe zinaweza kuchangia, hakuna aliyemuuliza anakula nini na hana meno, hakuna aliyemwambia hebu tembea tukuone. Akaanguka usiku akielekea chooni, akavunjika nyonga, na leo tumemuacha kitandani anasikia hizi ngoma kwa mbali. Hatumlaumu muuguzi mheshimiwa, muuguzi yuko peke yake na foleni imefika getini na kwenye kitabu chake hakuna mahali pa kuandika mambo hayo.

Na kupima kwenyewe hakuna gharama ya kutisha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo wa wazee kwa huduma ya msingi, yaani kwa ngazi hii hii ya zahanati, na vipimo vyake vya mwanzo ni vyepesi kabisa. Mzee anaambiwa maneno matatu ayakumbuke baadae kidogo, anaambiwa ajikunje mikono kifuani ainuke kwenye kiti na kukaa mara 5 na inatakiwa amalize ndani ya sekunde 14, anaulizwa kama amepungua zaidi ya kilo 3 kwa miezi 3 na kama hamu ya kula imepotea, anaangaliwa macho, masikio, halafu anaulizwa moyo wake, kama ana huzuni au vitu vimeacha kumfurahisha. Basi. Uingereza tangu 2017 madaktari wa huduma ya msingi wamewekewa kwenye mkataba wao kuwatambua wenye udhaifu kuanzia miaka 65, na tusiseme hayo ni ya wazungu maana kule Hai, Kilimanjaro, watafiti wameshatengeneza kipimo kifupi cha udhaifu kwa ajili ya Tanzania yetu hii. Kama Hai imewezekana Ujiji inashindikana nini?

Sisi wenyewe hatukukaa tu kulalamika. Tuna mwenzetu nesi mstaafu, alituchorea mstari wa chaki wa mita 4 kwenye baraza la ofisi ya mtaa, mjukuu akashika simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, tukapita mmoja mmoja kwa mwendo wa kawaida, anayezidisha sekunde 5 anaandikwa kwenye kauntabuku aangaliwe zaidi. Kuna wazee wanaume hapa wenye sauti kubwa kabisa kwenye vikao walizidisha, na kuna bibi muuza dagaa wa Kibirizi alipita kama anawahi mwalo. Daftari tukalipeleka zahanati kwa heshima zote, tukajibiwa hakuna fomu ya kitu hicho wala kasma, yaani fungu la bajeti. Likarudi na sisi.

Mheshimiwa, sera ya wazee ya mwaka 2003 inatutambua kuanzia miaka 60 na matibabu bure kwa asiyejiweza yametajwa zamani. Tunashukuru. Lakini wewe sio mgeni wa kwanza kusimama kwenye hilo turubai. Yupo mgeni aliyetuahidi dirisha la wazee, likabandikwa karatasi iliyoandikwa WAZEE na nyuma ya dirisha mpaka leo hakuna mtu. Yupo aliyetuahidi mizani mpya akasema mwezi huu hauishi, tukampigia makofi na vigelegele, miezi imeisha mingi na mizani ya watu wazima ni ile ile ambayo mshale haurudi kwenye sifuri, sasa hizo kilo 3 utazijuaje? Yupo aliyesema atatuma wataalamu waje kutuandikisha, tukaandikishwa kweli, tukapigwa picha, basi. Hatusemi haya kukuvunjia heshima, tunasema kwasababu kuna waliopiga makofi siku zile na leo hawapo, na wengine walizikwa kwa mfuko wetu huu huu tuliojisifia.

Kwahiyo ombi letu tunalirudia likiwa limekatwa vipande ili lisisumbue. Mhudumu mmoja apewe mafunzo, hata yule nesi wetu mstaafu yuko tayari kumsaidia bila posho. Mizani inayosoma. Kiti imara kisicho na magurudumu, hicho tutatoa sisi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita majumbani kwa ajili ya wajawazito na watoto waulize na bibi na babu waliomo humo ndani maana wanaohitaji kipimo zaidi ndo wasioweza kufika. Na kila mzee awe na kadi yake ya kufuatiliwa kama mtoto alivyo na kadi ya kliniki, mtoto asipoongezeka kilo mama anaitwa, mzee akipungua haitwi mtu.

Na hapa tunaomba utusikilize vizuri zaidi. Kupima tu na kumuacha mtu hatutaki. Akionekana dhaifu dawa zake zipitiwe, afundishwe mazoezi ya kuinuka na kukaa, mwenye mtoto wa jicho apate rufaa yenye tarehe, na familia ikalishwe iambiwe ukweli kuhusu chakula, kwasababu Kigoma hatuna shida ya dagaa, shida ni kwamba bibi asiye na meno anawekewa ugali wa muhogo na mchuzi mtupu huku dagaa wangeweza kusagwa wakachanganywa humo humo akala akashiba na akapata nguvu. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji mtu wa kulisema akiwa amevaa koti jeupe maana wakwe zetu sisi hawatusikilizi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kauntabuku letu liko hapo mezani mbele yako. Kabla hujatupa hotuba tunakuomba utaje mwezi ambao siku hiyo ya kwanza ya wazee itafanyika hapo zahanati, mganga mfawidhi yupo anasikia, diwani yupo anasikia, na sisi tutauandika kwenye ukurasa wa mwanzo ukiwepo na kukuomba usaini.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wazee wote wa kikundi