Matokeo ya kampuni yaelezwe kwa ukamilifu

Mhariri,

Wanahisa wa kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam tunaopashana habari mtandaoni hubishana mno kuhusu faida ya kampuni ileile, mmoja akinukuu hesabu za robo mwaka ambazo hazijakaguliwa, mwingine hesabu za mwaka zilizokaguliwa, na wa tatu (huyu ndiye msumbufu kuliko wote) akituma picha ya jedwali lisilo na tarehe. Ugomvi mkali zaidi ni wa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa, kwani anayenunua hisa baada ya daftari la wanahisa (orodha ya watakaolipwa) kufungwa halipati gawio hilo, jambo ambalo wapiga debe wa hisa hawalisemi. Naomba gazeti lako, linaporipoti matokeo, lieleze kama yamekaguliwa, kama yanajumuisha kampuni tanzu (zilizo chini ya kampuni mama), na daftari linafungwa lini.

Mwanahisa mdogo,
Morogoro