Mwanangu, omba uandikiwe

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, wasiwasi ni juu yako tu. Nakuandikia kwa mkono, mdogo wako ataipiga picha akutumie, kwa sababu kwenye simu kila nikilikaribia jambo lenyewe unaniambia, "Mama, nina kikao."

Hivyo vikao ndivyo vinavyonikosesha usingizi, pamoja na habari ya yule mhadhiri mwenzako wa ofisi ya jirani, hapo chuoni kwenu Marekani. Uliipitisha harakaharaka, kisha ukaniuliza goti la baba linaendeleaje. Mtu kafundisha miaka yote hiyo, wanafunzi wanampenda, kila mwaka mkuu wa idara anamwambia mambo yake mazuri, halafu wanamnyima ajira ya kudumu na kumpa mwaka mmoja wa kufungasha. Nilipokuuliza hayo mazuri mkuu wa idara aliyasemea wapi, ukanijibu: koridoni. Na yako wewe anayasemea wapi? Ukanyamaza kidogo, ukasema koridoni vilevile.

Mwanangu, mie nimefanya kazi masjala mpaka nikastaafu. Samaki wako na vinasaba vyao sivijui, lakini jalada nalijua. Jalada linatembea bila mwenyewe. Linaingia chumba ambacho wewe huingii, linafunguliwa na mtu asiyekujua hata kwa sura, naye anasoma kilichofungwa humo folio kwa folio. Kisichokuwemo, kwake hakikutokea. Palikuwa na bwana mmoja pale ofisini, mchapakazi hasa, bosi wake alimuahidi cheo kwa mdomo, mbele za watu. Bosi akahamishwa. Kamati ilipokaa, jalada lake nililipeleka mimi, nalo lilikuwa jembamba mpaka nikaona haya kulibeba: barua ya ajira, fomu za likizo, nakala ya cheti cha ndoa, na dokezo sabili moja, yaani karatasi ya maelezo isiyo na folio, la penseli, nusu limefutika, halina tarehe wala saini. Lilirudi mezani kwangu siku ileile. Hakupata kitu, na hakuna aliyesema uongo.

Kwa hiyo ulipomtumia mdogo wako kile kitabu cha kanuni za wahadhiri cha chuo chenu, nilimwambia akichapishe chote. Nimekisoma, kamusi pembeni. Wewe umekisoma? Niambie kweli, maana niliyoyakuta humo na unayonisimulia hayafanani.

Wewe unasema una miaka sita kabla ya kuamuliwa kama unathibitishwa, yaani kupewa ajira ya kudumu. Kitabu kinasema jalada linakabidhiwa mwanzoni mwa mwaka wa sita, na kabla ya hapo, wakati wa kiangazi, kazi zako zinatumwa kwa wataalamu wa vyuo vingine wazisome na kutoa maoni yao kwa barua. Basi kitakachosomwa ni kile kilichokwisha kutoka mpaka mwisho wa mwaka wa tano. Na makala moja, kwa maneno yako mwenyewe, inaweza kumaliza mwaka mzima ikienda na kurudi kwa wasomaji wa jarida. Toa huo mwaka. Toa na mwaka wa kwanza, uliokwisha ukingoja maabara ikarabatiwe. Imebaki mingapi? Nawe uko kwenye kamati ya maktaba, kamati ya kupokea wanafunzi wapya, na sasa hii ya sherehe za idara.

Halafu nikafuata safari ya jalada lenyewe. Linapigiwa kura na maprofesa wa idara waliokwisha thibitishwa. Mkuu wa idara anaandika barua yake peke yake. Linakwenda kamati ya kitivo, kwa mkuu wa kitivo, kwa mkuu wa taaluma wa chuo, kwa mkuu wa chuo, mpaka bodi ya wadhamini. Humo ndani wanaokufahamu ni wale wa mwanzo tu. Waliobaki watakujua kwa karatasi. Na huyo wa koridoni, ukifika mwaka huo, nani amekuhakikishia kwamba atakuwa bado ndiye mkuu wa idara? Huko kwenu cheo hicho kinazunguka.

Kwa hiyo nakuuliza tena: umeandikiwa?

Najua kitabu hakitaji idadi ya makala. Nimetafuta. Kinasema utafiti, ufundishaji na huduma, na maneno mazuri juu ya ubora. Ndiyo sababu inakubidi uulize. Muombe mkuu wa idara nafasi, si koridoni, ofisini kwake. Muulize waliothibitishwa karibuni katika idara yenu walikuwa na kazi za namna gani. Muulize majarida gani wanayahesabu, kama makala uliyoandika na msimamizi wako wa zamani ina uzito, kama lazima uwe umeshinda ruzuku ya utafiti kwa jina lako. Pengine hatakutajia namba, wakubwa hawapendi kujifunga. Basi ukirudi kwenye meza yako, siku hiyohiyo, mwandikie baruapepe: "Ahsante kwa mazungumzo ya leo. Nimekuelewa hivi na hivi. Kama nimekosea, naomba unisahihishe." Iweke nakala. Hata asipojibu, tarehe ipo na maneno yapo. Hilo si jambo la utovu wa adabu, usiniambie hivyo tena. Nimewalea nyote kuheshimu wakubwa na sijuti, lakini kuheshimu mkubwa hakukukatazi kumuuliza kitu kinachohusu riziki yako.

Na ile tathmini ya kila mwaka, inayoandikwa kwa barua, usiipokee tu ukaitia kwenye droo. Isome. Ikisema "anaendelea vizuri" bila kueleza katika nini, rudi uulize. Mwakani una tathmini ya mwaka wa tatu, hiyo ndiyo kubwa. Wakikuonyesha upungufu hapo, usilie ukanificha. Upungufu ulioandikwa mwaka wa tatu unao muda wa kuushughulikia. Yule mwenzako aliusikia mwaka wa sita.

Sasa kuhusu mtoto. Ulijifungua mwaka wa kwanza, na kitabu kinaruhusu aliyepata mtoto aongezewe mwaka mmoja kabla ya kuhukumiwa. Uliniambia hutaki, wataona wewe dhaifu. Nani kakwambia? Omba, mwanangu, tena kwa maandishi, na kabla ya muda wa kuomba haujapita, kwani muda wake nao umewekewa mpaka. Kisha jambo ambalo nahisi hujalifikiria: wale wataalamu wa nje watakapoandikiwa, barua ya chuo iwaeleze wazi kwamba mwaka ule hauhesabiwi. La sivyo mtu ataona miaka saba na kukudai kazi za miaka saba. Uliza barua hiyo huandikwa na nani.

Hao wataalamu wa nje ndio wanaonitia hofu zaidi. Chuo hakimtaki msimamizi wako, hakiwataki ulioandika nao. Wanataka watu waliokusoma bila kuwa na deni nawe. Watakujua vipi nawe mikutano huendi? Naelewa mtoto mdogo. Lakini kuna mume hapo, na mtoto ni wake pia. Nenda, simama usome kazi yako. Mtoto wangu uliyesimama mbele ya wazee wa Mlimani ukatetea tasnifu ya uzamili bila sauti kutetemeka, huko unajificha nini? Baba yako mpaka leo anawasimulia wenzake msikitini kwamba binti yake ni profesa msaidizi Marekani, na mie simrekebishi anapoliacha hilo neno msaidizi.

Ukitaka kujua kwamba si mama yako tu mwenye wasiwasi, kitabu chenu chenyewe kinataja tamko la 1940 la chama chao cha maprofesa, AAUP. Humo wamesema kipindi cha majaribio kisizidi miaka saba, masharti ya ajira yawe kwa maandishi, na mtu asiyeendelea apewe taarifa mwaka mmoja kabla. Miongoni mwa walioyaandika hayo walikuwemo maprofesa wenyewe, na walitaka maandishi. Chama hicho kimeanzishwa 1915. Waliumizwa kwanza ndipo wakajifunza, wewe jifunze kwao. Na lengo lao halikuwa mshahara tu. Walitaka msomi akisema ukweli asioupenda tajiri au mkubwa, asifukuzwe. Utakapothibitishwa utaweza kusema juu ya bahari yetu maneno ambayo leo unayameza. Hilo ndilo linalonifanya nikuvumilie kukaa mbali.

Jambo la kibali. Viza yako ya kazi haizidi miaka sita kwa kawaida, na miaka hiyo inakimbia sambamba na ile ya chuo. Mtoto wa jirani yetu anayefundisha Ohio ameniambia kwamba kwa mwalimu wa chuo kuna njia nyepesi kidogo ya kuombewa ukaazi, lakini chuo kinatakiwa kipeleke maombi ya kwanza Wizara ya Kazi ndani ya miezi 18 tangu siku walipokuchagua. Si tangu ulipoanza kazi, tangu walipokuchagua. Hesabu mwenyewe. Nikihesabu mie, imebaki kidogo sana. Ofisi ya wageni hapo chuoni imekujibu nini? Kwa maandishi?

Nimegusa bahari. Wavuvi wa Kigombe wamekuja hapa nyumbani kukuulizia. Wanakumbuka ulivyokaa nao ukiwauliza juu ya jarife, zile nyavu za papa, na silikanti, yule samaki wa kale, na ulivyowaahidi kijitabu cha Kiswahili. Mzee wao alikaa barazani akanieleza upya walivyoanza kuwanasa, mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuendelea, nyavu zikishushwa kina kirefu kuwafuata papa, akipanda samaki mzito mwenye magamba magumu na mapezi kama viungo, asiyelika kwa mafuta. Wao hawakujua kwamba duniani alidhaniwa kutoweka mpaka alipopatikana Afrika Kusini 1938. Walijua tu kwamba siku hizo walikuja wageni wenye kamera, na 2009 ikatangazwa hifadhi, na baadhi ya sehemu walizozoea kuvua zikawekewa masharti. Akaniuliza, "Mwanao atatuandikia lini hayo aliyoyaona?"

Nimemwambia utaandika. Lakini sikumpa tarehe, na wewe usimpe. Kwanza mwulize mkuu wa idara kijitabu cha Kiswahili kitahesabiwa wapi. Nina hakika ataking'ang'aniza kwenye huduma, kisha huduma ndiyo hiyo isiyompa mtu kura. Uliza pia kuhusu lile jarida la sayansi ya bahari linalotolewa na WIOMSA, kile chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari ya Hindi, kule Zanzibar. Wenzako wa huku ndilo wanalolisoma, lakini waliokaa kwenye kamati ya kitivo huenda hawajapata kulisikia. Kama utachapisha humo, basi maelezo ya jarida hilo ni nini na linasomwa na nani yawemo jaladani, mstari mmoja au miwili. Sikuombi uwaache wavuvi. Ukiwaacha nitaumia. Naomba tu kazi yao usiifanye kwa siri kama mtu anayeiba muda, iandikwe na ijulikane ni sehemu ya utafiti wako.

Na wale wanafunzi weusi wanaokuja mlangoni kwako kulia, usiwafukuze. Lakini andika umekaa na wangapi na kwa saa ngapi kila muhula. Na mwombe profesa mmoja mkubwa aje akae darasani kwako, aandike alichokiona, ili ufundishaji wako usipimwe kwa fomu za wanafunzi peke yake. Kamati ya sherehe ikatae. Sema mkuu wa idara akuandikie kipi kati ya ulivyonavyo akuondolee. Utaona atakavyopunguza.

Nyumbani mambo ni mengi. Mdogo wako amepata kazi ya muda pale bandarini, anaondoka alfajiri na kurudi usiku. Shangazi yako ametuma machungwa kutoka Muheza, gunia zima, tumegawa mtaa mzima na mengine yameoza. Baba anakataa kwenda hospitali ya Bombo kuonyesha goti, anasema ni baridi. Mpigie wewe, mie hanisikii. Hati ya kiwanja cha Pongwe imetoka, imeandikwa jina lako, nimeiweka kwenye sanduku la chuma pamoja na vyeti vyako vya shule.

Zile hela ulizotuma nimezigawa: ada ya binamu yako, umeme, na zilizobaki ni za bati la jiko. Fundi amekuja kupima, anataka kujua tuweke la rangi au la kawaida, na kama tuongeze mgongo mpaka juu ya baraza ya nyuma ili mvua isiingie pale penye mashine ya kufulia. Nimemwambia angoje. Ukinijibu, anza na la chuo, kisha hilo la bati, na utume vipimo vya mtoto vya sasa, fundi cherehani ananidai.

Mama yako