Saa ya kale haifi kwa kujazwa ufunguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nipinge neno ambalo nimelisikia kwa miaka mingi, na ambalo juzi nimelisikia tena kwa fundi niliyempelekea saa ya ukutani aliyoniachia marehemu baba yangu: kwamba saa ikisimama huku kamani yake imejaa, basi mwenyewe ameijaza kupita kiasi, na haitakwenda tena mpaka itiwe kamani mpya. Nilimshukuru fundi huyo, nikaichukua saa yangu nikarudi nayo nyumbani, kwa sababu kamani ilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa mafuta.

Kamani ni utepe mrefu wa chuma cha pua uliokunjwa ndani ya kikopo. Ufunguo unapozungushwa, utepe huo hujiviringa kwenye mhimili wa katikati, na kila hatua huzuiwa isirudi nyuma na kijino kidogo kinachodondokea kwenye gurudumu lenye meno yaliyolala upande mmoja. Ule mlio wa ka-ka-ka tunaousikia wakati wa kutia ufunguo ni wa kijino hicho. Utepe ukishajiviringa wote, ufunguo hugoma, na hapo ndipo pa kuachia. Saa iliyojaa namna hiyo iko vile vile alivyotaka aliyeiunda. Ila mafuta yakiwa yamekauka, magurudumu huwa mazito kiasi kwamba hata kamani yenye nguvu zake zote haiwezi kuyasukuma. Mwenye saa akiikuta imesimama hukimbilia ufunguo, akaona hauzunguki, akajilaumu bure.

Nilipoifungua ile saa ya baba niliyaona haya kwa macho. Kila ncha ya mhimili huzunguka ndani ya kitundu kilichotobolewa kwenye bamba la shaba, na pembeni mwa karibu kila kitundu palikuwa na pete nyeusi, nzito kama lami. Nilipoifuta moja kwa kijiti kilichochongwa ncha, kijiti kilitoka na weusi wenye vumbi la shaba linalometameta. Hayo hayakuwa mafuta tena: vumbi likishachanganyika na mafuta ya zamani huwa kama msasa, likala chuma na kutanua vitundu, mpaka magurudumu yakaegemea upande na meno yakashindwa kukutana sawasawa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaopulizia mafuta ndani ya saa iliyogoma. Itakwenda, naam, wiki kadhaa au hata miezi, lakini uchafu wa zamani haukuondoka. Umelainishwa tu ili uendelee kusaga. Mafuta ya kupikia ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa huganda. Saa husafishwa kwanza, kisha kila kitundu hupewa tone dogo la mafuta ya saa, dogo kuliko wengi wanavyodhani, na meno ya magurudumu huachwa makavu.

Kuhusu kutia ufunguo kwenyewe, maneno ni machache. Saa nyingi za ukutani zimeundwa ziende siku 8, ili mtu azitie ufunguo mara moja kwa wiki, siku ile ile, na kubaki na siku ya akiba. Kamani husukuma kwa nguvu ikijaa na kulegea ikikaribia kuisha, kwa hiyo anayesubiri mpaka saa isimame hupata saa inayokimbia mwanzoni mwa wiki na kuchelewa mwishoni. Tundu la pili kwenye uso wa saa ni la kengele, nalo lina kamani yake. Lijazwe siku hiyo hiyo. Ufunguo uachiwe taratibu, mpaka kijino kishike, kwani kamani iliyojaa ikifyatuka inaweza kuvunja meno ya gurudumu au kidole cha mtu.

Saa za mawe, yaani zile zinazoendeshwa na mizigo inayoning'inia, hazina shida hiyo, kwa maana uzito haupungui kwa kushuka. Zina kituko chao, hata hivyo. Saa ndefu ya kusimama ikiwa haikushikizwa ukutani, huweza kusimama pale mizigo inaposhuka ikawa sambamba na kichwa cha timazi, yaani ile fimbo yenye uzito chini inayobembea ndani ya saa: mizigo huanza kubembea pamoja na timazi na kuinyang'anya nguvu. Nimeshuhudia saa ya namna hiyo ikisimama siku ile ile kila wiki, na wenyewe wakaamini ina mzimu.

Timazi, tangu mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens alipoitia kwenye saa mwaka 1656, ndiyo inayoshika mwendo, na mwendo wake hufuata urefu, si uzito. Ile yenye urefu wa sentimita 99 hivi hubembea upande mmoja kwa sekunde 1. Kuifupisha kwa milimita 1 tu huiharakisha saa kwa sekunde 40 na kitu kwa siku, kwa hiyo nati ya chini ya timazi izungushwe kidogo, kisha saa iachwe siku nzima kabla ya kuiamua. Kwenye saa kubwa ya Westminster jijini London, iliyoanza kwenda mwaka 1859, wasimamizi huweka sarafu za peni za zamani juu ya timazi, na peni moja, kwa kuwa huinua kidogo kitovu cha uzito ikawa kama timazi imefupishwa, huongeza mwendo kwa sekunde 0.4 kwa siku. Saa hiyo, pamoja na ukubwa wake, hutiwa ufunguo mara 3 kwa wiki, na sijasikia mtu akisema imejazwa kupita kiasi.

Kwa hiyo ombi langu kwa mafundi ni dogo. Mteja akileta saa iliyosimama huku imejaa, kabla ya kumtajia bei ya kamani, chukueni kijiti, mfute kitundu kimoja mbele yake, mumwonyeshe kilichotoka.

Msomaji wako wa siku nyingi